Ringi ya Nne

“Ziache hapo!”

“Siachi.”

“Nimesema ziache! Hii si baiskeli ya kuchezea, hii ni turbo.”

“Basi ingiza mkono wako pale nyuma tuone. Ingiza! Si wewe ndiye fundi wa Embu?”

“Nimefanya kazi Embu miaka mitatu, mimi. Malori makubwa makubwa.”

“Embu, Embu! Kama Embu ni kutamu hivyo, hapa Kinoru ulifuata nini?”

Makandi alisema hayo akiwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, koleo mkononi, macho yamewaka kuliko makaa yenyewe. Gichovi, fundi msaidizi wa gereji, alikuwa amesimama juu yake na ovaroli iliyojaa grisi, kidole kimenyooka. Kwenye makaa zilikuwa ringi nne za shaba, ndogo kama vifungo vya koti, zimeiva mpaka zikawa nyekundu. Gichovi alitaka kuzitoa yeye. Makandi alishikilia kwamba aliyeziweka ndiye atakayezitoa. Gichovi akalishika koleo upande mmoja, Makandi akalivuta upande wa pili.

“Nyinyi wawili!” Sauti ilitoka upande wa pili wa pikapu. “Mnataka niwafungie stoo mmalizie huko? Gichovi, njoo unishikie taa. Na wewe Makandi, huyo ni mkubwa wako. Mwite kaka.”

“Sawa, kaka Gichovi,” Makandi akasema, akilitamka hilo neno kama mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Gichovi alicheka, akaachia koleo, akaenda zake.

Aliyeita alikuwa Marete, baba yake Makandi. Gereji ilikuwa yake. Ilikuwa karibu sana na uwanja wa Kinoru, mjini Meru, hivi kwamba siku ya mechi goli likifungwa spana zilitikisika mezani. Ilikuwa likizo ya Agosti, baridi na manyunyu tangu asubuhi. Kila likizo Makandi alifika hapo saa moja, akafagia, akapanga spana kwa namba zake, akawasha jiko. Darasani alikuwa wa katikati tu, hilo hakulificha. Lakini ndani ya gereji hakuna aliyemshinda kujua spana namba kumi na nne imelala wapi, na gari likiingia alijua kwa mlio tu kama ugonjwa ni mkanda au ni beringi. Alijua, na alijua kwamba anajua. Hilo ndilo lililokuwa likimkera Gichovi.

Pikapu iliyokuwa katikati ya gereji ilikuwa ya Mzee Ugas, msafirishaji wa Maua. Kazi yake ilikuwa kukimbiza miraa Nairobi kabla haijakauka, na gari la kazi hiyo haliruhusiwi kuchoka. Wiki iliyopita lilichoka. Lilipokuwa likipanda mlima na mzigo lilipiga mluzi, likatoa moshi mweupe, likapoteza nguvu kama mzee aliyenyimwa chakula. Turbo ilikuwa imekufa.

Turbo ni feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Inazunguka haraka kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari, na chakula chake ni kimoja tu: oili. Ikikosa oili hata dakika chache, chuma chake cha katikati kinashika moto, kinakwama, kwisha. Turbo ya Mzee Ugas iliuawa na njaa hiyo. Kijipaipu kilichoipelekea oili kilikuwa kimejaa masizi ndani, kama dohani la jikoni ambalo halijawahi kusafishwa.

Kwa hiyo Marete na Gichovi walikuwa wameweka turbo nyingine, wakiipandisha kutoka chini ya gari, na sasa kilichobaki ni kuipa paipu mpya ya oili. Upande mmoja paipu ingefungwa kwenye injini, upande wa pili kichwani mwa turbo. Kila upande unashikwa na bolti lenye tundu katikati, mafundi huliita banjo, na kila banjo hukaa na ringi mbili za shaba, moja juu ya mdomo wa paipu, nyingine chini yake. Ringi hizo zikishatumika zinakuwa ngumu na oili inavuja. Marete hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima. Ringi ya zamani unaiweka kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, unaitumbukiza kwenye maji, inalainika na kukaa kama mpya. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyomfundisha binti yake.

Na kwa nini binti? Kwa sababu Marete mwenyewe alikuwa amefungwa bandeji mkono wa kulia. Maji ya rejeta yalimchoma siku ya Jumanne. Mkono wa Gichovi ulikuwa mpana kama jembe. Na kichwa cha hiyo turbo kilikaa nyuma ya injini, kimebanwa na ukuta wa kabini, mahali ambapo jicho halifiki na mkono wa mtu mzima haupiti. Mkono wa Makandi ulipita.

“Sikiliza,” Marete alikuwa amemwambia asubuhi, wakinywa chai. “Ukifunga paipu hii vizuri, kuanzia Jumatatu wewe ni mtu wa spana. Utafanya kazi na sisi kila likizo. Ukiharibu, unarudi kwa ufagio, na habari ya turbo nisiisikie tena mpaka umalize shule. Umenielewa?”

“Nimeelewa, Baba. Tena utashangaa,” Makandi akajibu.

Sasa Gichovi alipoondoka kwenye jiko, Makandi alianza kutoa ringi haraka haraka, macho bado yakimfuata Gichovi kwa hasira. Ya kwanza, ndani ya maji, chwii! Ya pili, chwii! Ya tatu, chwii! Ya nne ilimteleza kwenye koleo, ikadunda juu ya jiwe, ikabingirika kwa ukingo wake kama tairi la gari la kuchezea, ikaingia kwenye mtaro.

Mtaro huo ulikuwa umejaa tope jeusi la oili ya miaka mingi. Makandi alichokora kwa waya. Alichokora kwa kijiti. Alikunja mkono wa sweta akaingiza vidole mpaka kwenye kifundo. Alipata nati mbili, kifuniko cha soda na kijiko cha chai. Ringi hakuipata.

Duka la spea lilikuwa hapo tu barabarani, na ringi moja ya shaba ilikuwa na bei ya andazi. Angemwambia baba yake, mambo yangeisha kabla chai haijapoa. Lakini Makandi alimwona Gichovi ameinama na taa, akamsikia kichwani mwake akicheka: “Si nilisema? Mtoto wa darasa la saba!” Kicheko hicho, ambacho bado hata hakijatoka, ndicho kilichomfunga mdomo.

Macho yake yakaangukia rafuni. Hapo palikuwa na tyubu ya silikoni, ile gundi nyeusi ya kuzibia gasketi. Gichovi aliipenda sana. Alizibia sampu ya oili, alizibia pampu ya maji, na wiki jana alizibia kiatu chake cha kushoto. Makandi aliichukua, akaiweka mfukoni.

Kufunga upande wa injini kulikuwa rahisi. Makandi aliweka ringi mbili, akakaza, baba yake akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Kisha Marete akachomoa waya unaoruhusu dizeli, ili injini izunguke bila kuwaka.

“Shikilia mkebe hapo kwenye mdomo wa paipu,” akasema. “Gichovi, piga stata.”

Injini ikazunguka, nguu-nguu-nguu. Kwenye mdomo wa paipu likatoka povu kwanza, halafu oili ikaja, uzi mmoja mnene unaong’aa.

“Umeona?” Marete akasema. “Paipu iko wazi. Sasa tia oili kidogo kwenye tundu la turbo, izungushe kwa kidole, halafu ufunge. Ringi mbili. Moja juu, moja chini.”

Makandi alitia oili, akazungusha feni kwa ncha ya kidole, ikateleza vizuri bila kelele. Kisha akalala kifudifudi juu ya injini, shavu limegusa chuma baridi, mkono umezama nyuma mpaka begani. Ringi moja akaiweka juu ya mdomo wa paipu. Chini yake akapaka silikoni kwa kidole, mviringo mzima. Paipu ikakaa, bolti likaingia, spana ikashika.

Marete aliinamisha kioo kidogo kilichofungwa kwenye waya, akamulika kwa tochi. Kwenye kioo ilionekana ringi ya juu, inang’aa, imekaa sawa.

“Na ya chini?”

“Iko.”

Neno moja tu. Lilitoka jepesi, kama jibu la hesabu aliyoijua.

Waliporudisha waya na kupiga stata, injini ikawaka mara moja. Waliiacha ingurume polepole dakika tatu. Hakuna tone lililovuja. Mzee Ugas, ambaye alikuwa ameingia na kofia yake nyeupe na shali begani, alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio.

“Wallahi, Marete, nani amefunga hii?”

“Huyo hapo.”

“Huyu? Huyu msichana?” Mzee Ugas akacheka kwa furaha. “Binti yangu Osob yuko sawa na huyu, na hata balbu hajui kubadilisha! Haya. Mimi naenda kuswali, nile kidogo, saa nane narudi kuchukua gari yangu. Leo watu wamekata miraa kule Maua wananingoja.”

“Gari lako liko tayari, Mzee,” Makandi akasema, kichwa juu.

Hata Gichovi alikuna shingo. “Sawa,” akasema. “Umejaribu.”

Makandi aliyabeba maneno hayo mpaka kwenye meza ya kazi kama mtu aliyepewa kombe. Alifuta spana, akazipanga, akapiga mluzi. Ilikuwa inakaribia saa nane alipookota kipande cha katoni alichokuwa amefutia kidole chake. Silikoni ilikuwa imekauka juu yake. Aliivuta kwa ukucha, ikabanduka yote kwa mara moja, kiuzi cheusi laini kama mnyoo.

Akakitazama. Kwenye trei palikuwa na ile banjo ya zamani waliyoitoa. Tundu lake lilikuwa dogo, njiti ya kiberiti ingepita kwa shida. Makandi alikichomeka kile kiuzi ndani ya tundu. Kikaingia kama kimepimwa. Akaweka banjo mdomoni, akapuliza.

Hewa haikupita.

Akapuliza tena mpaka mashavu yakavimba na masikio yakaziba. Hakuna kitu.

Mluzi ukaisha. Alijua jinsi alivyopaka, mviringo mzima, na alivyokaza kwa nguvu zake zote. Gundi ikibanwa lazima ikimbilie mahali. Nje haikutokea, kioo kilionyesha hivyo. Basi imekimbilia ndani, kwenye njia ya oili. Injini ikiwa baridi na gari limesimama, huenda ikatulia. Lakini gari likishika mlima, oili ikachemka, kile kiuzi kitakatika na kwenda kukaa mlangoni mwa turbo.

Alianza kujiambia mambo. Pengine hakitakatika. Pengine ni kidogo tu. Na hata kikikatika, nani atajua? Watasema turbo yenyewe ilikuwa mbovu. Watasema ni aliyeiuza. Watasema ni Gichovi. Watasema ni Marete wa Kinoru, gari lilitoka kwake mchana, jioni likafa. Watasema ni kila mtu isipokuwa Makandi. Hilo la mwisho ndilo aliloshindwa kujiambia mara ya pili.

Akakumbuka pia maneno ya asubuhi. Akisema, Jumatatu ni ufagio. Hakuna spana, hakuna turbo, hakuna kaka Gichovi kukuna shingo. Akinyamaza, kila kitu ni chake.

“Binti!” Mzee Ugas alikuwa amesharudi. Alikuwa amepanda kwenye kiti, mlango wazi, ufunguo mkononi. Marete alikuwa akimpa mkono wa kushoto kumuaga, ule usio na bandeji. “Binti, mimi nimeenda! Ukifika Maua uliza kwangu, utakunywa chai ya maziwa ya ngamia.”

Injini ikawaka.

Makandi alitupa katoni chini, akakimbia, akasimama mbele ya pikapu, mikono yote miwili juu ya boneti.

“Zima gari, Mzee.”

“Nini?”

“Zima! Tafadhali, zima!”

Mzee Ugas akazima. Makandi hakuinamisha kichwa. Kama ni kusema, alitaka kusema akiwa amesimama wima.

“Ringi ya chini haiko,” akasema. “Ilianguka kwenye mtaro nikaipoteza. Nikapaka silikoni. Baba aliponiuliza nikasema iko. Nilidanganya. Silikoni inaweza kuziba oili, nimejaribu kwenye ile banjo ya zamani, imeziba kabisa.”

“Si nilise...” Gichovi akaanza.

“Gichovi,” Marete akasema bila kugeuka, “nenda dukani ulete ringi.”

Gichovi akafunga mdomo, akaenda.

Mzee Ugas alishuka polepole. Uso wake haukuwa tena uso wa chai ya ngamia. “Marete, mimi nimekaa siku tano bila gari. Mzigo unaningoja, miraa haijui kungoja. Nimekuletea kazi ya watu wazima, wewe umenipa mchezo wa watoto?”

“Makosa ni yangu, Mzee. Gereji ni yangu,” Marete akajibu. “Nipe dakika arobaini.”

“Na kama huyu angenyamaza?”

Marete akaihesabu njia ya Maua kichwani, mji kwa mji. “Kianjai ungepita. Kangeta, sijui. Maua usingefika.”

Mzee Ugas akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia. “Fungua,” akasema. “Nataka kuona kwa macho yangu.”

Makandi alilala tena juu ya injini, ambayo sasa ilikuwa na joto kidogo. Akafungua bolti, akaiinua paipu. Marete akapeleka kioo, tochi ikamulika kichwa cha turbo, na wote watatu wakainama kutazama.

Pale kwenye tundu la oili ulikuwa umening’inia ulimi mweusi wa silikoni. Ulikuwa umefunika nusu ya mlango, umeshikwa na kijisehemu chembamba upande mmoja, unatikisika kila Makandi alipogusa chuma. Ulikuwa unangoja kusukumwa tu.

“Subhanallah,” Mzee Ugas akanong’ona. Akarudi kwenye ndoo yake, akakaa, hakusema tena habari ya mchezo wa watoto.

“Utoe,” Marete akasema. “Usiusukume. Uvute.”

Makandi aliingiza kibano, akaushika ulimi karibu na mzizi wake. Ukatoka mzima. Akakwangua uliobaki kwa wembe, kidogo kidogo, tundu likiwa limezibwa kwa kitambaa ili takataka isiingie. Akafuta kwa petroli. Akaosha banjo, akapuliza hewa ndani ya paipu kwa pampu ya baiskeli mpaka mate ya oili yakamrukia usoni. Kazi aliyoifanya asubuhi kwa dakika kumi sasa aliifanya kwa nusu saa, na hakuna aliyemharakisha.

Gichovi alirudi anahema, na ringi tatu kwenye karatasi.

“Nimeleta tatu,” akasema, “kwa sababu nakujua.” Kisha akakwaruza sakafu kwa kiatu chake chenye silikoni. “Na mimi nilikuvuta koleo, jamani. Nilikuharibu mkono. Halafu hiyo gundi uliniona mimi nikipaka kila mahali.”

“Hujawahi kupaka kwenye njia ya oili, kaka,” Makandi akasema. Safari hii neno hilo lilitoka bila dawa ya minyoo.

“Hata mimi si mjinga hivyo,” Gichovi akajibu, na hata Mzee Ugas akatabasamu.

Walirudia kila kitu kutoka mwanzo. Waya ukachomolewa, stata ikapigwa, oili ikaja kwenye mkebe. Oili kidogo ikatiwa kwenye turbo, feni ikazungushwa kwa kidole. Kisha Makandi akachukua ringi mbili, akazishika juu ili kila mtu azione, akazamisha mkono nyuma ya injini. Walisikia spana ikigongagonga, halafu pumzi yake, halafu kimya.

“Tayari,” akasema akiinuka, uso mweusi kwa oili. “Ziko mbili. Moja juu, moja chini.”

Mzee Ugas akanyoosha kidole kwenye kile kioo kidogo kilichokuwa juu ya meza. “Haya, Marete. Angalia.”

Marete alikichukua kioo. Akakitia mfukoni.

“Huangalii?”

“Sina haja, Mzee.” Marete akamgeukia binti yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyasema polepole. “Makandi, ringi kupotea si kitu. Mimi katika gereji hii nimepoteza nati za kutosha kujenga gari lingine. Kupaka gundi ni ujinga, lakini ujinga unafundishwa. Kilichoniuma ni lile neno moja, ‘iko’. Pale nyuma jicho langu halifiki. Kioo kinaonyesha juu tu. Mkono wako peke yake ndio unaojua kilichoko chini. Kwa hiyo mimi pale sina macho, nina mdomo wako. Mdomo wako ukisema uongo, mimi ni kipofu, na ninampa Mzee Ugas gari huku nikiwa kipofu. Mtu anaweza kuwa na mkono mwepesi kuliko mafundi wote wa Meru, lakini kama neno lake haliaminiki, hakuna atakayempa kazi ya mahali pasipoonekana. Na kazi nyingi za maana ziko mahali pasipoonekana.”

Machozi yalikuwa yamemjia Makandi mpaka mlangoni mwa macho, akayazuia hapo hapo.

“Leo umesimama mbele ya gari ukijua utapoteza nini,” Marete akaendelea. “Ulijua kuhusu ufagio, na bado ukasema. Fundi wa namna hiyo ndiye ninayemtaka.”

“Kwa hiyo, Baba... Jumatatu?”

Marete alichomeka ule waya wa dizeli mahali pake. Akachukua ufunguo kutoka kwa Mzee Ugas, akauweka kwenye kiganja cha Makandi chenye oili.

“Washa, fundi,” akasema. “Uiache ingurume polepole dakika tano kabla Mzee hajaondoka. Ukiona kitu, sema. Usipoona kitu, mpe gari lake.”

Makandi akapanda kwenye kiti, akazungusha ufunguo. Injini ikaitikia mara moja. Na ndani ya mngurumo wake, mbali nyuma, ikasikika sauti nyembamba na safi ya turbo inayozunguka imeshiba.

Marete hakungoja dakika tano; hizo alimwachia Makandi. Aligeuka, akapita katikati ya Gichovi na Mzee Ugas, akaenda zake nje, kwenye manyunyu, bila kutazama nyuma.